Anayemwita mtahiniwa ukumbini aonyeshe hesabu yake

Juni 2021, Mahakama ya Juu ya India ilipiga hesabu ambayo mwalimu yeyote wa darasa angeiweza. Jimbo la Andhra Pradesh lilikuwa limeshikilia kuwafanyisha mtihani wa kumaliza sekondari watahiniwa zaidi ya laki tano, kumi na tano kwa kila chumba. Majaji wakagawanya: vinahitajika vyumba zaidi ya 34,000. Viko wapi? Vinapitisha hewa? Wasimamizi watatoka wapi? Na akifa mtoto mmoja? Wakadokeza kwamba jimbo linaweza kudaiwa fidia ya rupia milioni 10. Jioni ya siku hiyo, tarehe 24, mtihani ukafutwa.

Miezi ile, India ilipofika kilele cha wagonjwa wapya wa korona zaidi ya 400,000 kwa siku, mawakili, wazazi na wanafunzi walikimbilia mahakamani kwa maslahi ya umma. Kilio kimojawapo kilikuwa hiki: wachanjeni watoto kwanza, la sivyo futeni mtihani. Waliopinga walisema hilo haliwezekani, na kwa upande wa chanjo walisema kweli. Tangu Mei mosi chanjo ilikuwa ya wenye miaka 18 na kuendelea, na watahiniwa wengi walikuwa na 17. Zamu ya vijana wa miaka 15 hadi 18 ilifika Januari 3, 2022. Lakini ugumu huo ndio unaoipa hoja ya wanafunzi nguvu. Mtu mzima akiogopa ugonjwa anaweza kuacha kwenda harusini. Mtahiniwa hana hiari hiyo: asipofika amepoteza mwaka, na akifika anarudi jioni kulala nyumba moja na bibi yake. Anayemlazimisha ndiye anayedaiwa kumkinga, na kama hana sindano, basi aonyeshe alicho nacho.

Wapo wanaosema majaji waliingilia kazi ya serikali. Siafiki. Mtihani wa bodi kuu ya elimu ya sekondari ya India, CBSE, ulifutwa Juni 1 na serikali yenyewe, na mahakama ilichofanya Juni 17 ni kuukubali utaratibu mbadala wa kutoa alama: asilimia 30 kutoka darasa la kumi, 30 la kumi na moja na 40 la kumi na mbili. Kisha litazame jimbo la Kerala. Septemba 3 mahakama ilisimamisha mtihani wake wa darasa la kumi na moja. Jimbo likaleta hati ya kiapo likieleza tahadhari zake. Septemba 17 likaruhusiwa, ingawa zamu ya chanjo ya vijana hao ilikuwa bado. Mahakama ni ileile, sindano hakuna Andhra Pradesh wala Kerala. Tofauti ni maelezo.

Pingamizi la gharama ya kufuta mtihani ni zito zaidi. Mwaka ule asilimia 99.37 ya watahiniwa wa CBSE walifaulu, kutoka 88.78 mwaka uliotangulia, na baadhi ya vyuo vya Delhi vikadai alama 100 kamili kwa kozi fulani. Kijana hodari aliyefundishwa na walimu wabahili wa alama aliumia, na sitaki kulipuuza hilo. Hata hivyo jeraha la aina hiyo lina dawa: wasioridhika walifunguliwa mlango wa kufanya mtihani kuanzia Agosti, wimbi lilipopungua.

Huku kwetu, swali ni nani anaruhusiwa kuuliza maswali kama hayo mahakamani. Katiba ya Kenya, ibara ya 22, inamruhusu mtu kushtaki kwa niaba ya umma. Tanzania, marekebisho ya 2020 ya sheria ya utekelezaji wa haki za msingi yalimtaka mlalamikaji aape ameathirika vipi yeye binafsi. Maana yake ilikuwa kwamba wakili aliyeona ukumbi usio na madirisha wiki tatu kabla ya mtihani wa kidato cha sita hakuweza kuuliza kwa niaba ya waliomo bwenini mpaka kwanza aeleze yeye mwenyewe ameumia wapi.