Mashine za watoto wachanga: nani atazifikisha mashariki?

Tulipotembelea hospitali moja ya jumuiya yetu tulikuta kuvezi mbili zimefunikwa kitenge. Ni zawadi kutoka Ulaya. Moja inakosa kifaa kidogo cha kupima joto. Kwa ile ya pili, fundi hakujua amwandikie nani. Akina mama walikuwa wamebeba watoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Hilo ni jema: njia hiyo ilianza Bogotá, Kolombia, kwa sababu kuvezi hazikutosha, na tangu 2022 OMS inashauri ianze mara tu mtoto anapozaliwa. Lakini kifua cha mama hakiondoi manjano makali, wala hakitoshi kwa mtoto ambaye mapafu yake hayajakomaa.

Mashine zilizofikiriwa kwa hospitali kama zetu zipo. MTTS ya Hanoi, Vietnam, inatengeneza taa za bluu za kutibu manjano. Pumani, ya kusaidia pumzi, ilibuniwa katika Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, ikajaribiwa Blantyre, Malawi. Kinachokosekana ni mtu wa katikati: msambazaji mwenye vipuri na fundi.

Watu wa Design that Matters, Marekani, walijifunza hilo kwa uchungu. Walibuni kuvezi ya vipuri vya gari, na mwaka 2010 gazeti la Time likaihesabu kati ya uvumbuzi bora 50. Sifa nyingi, lakini kuvezi haikufika sokoni, maana haikuwa na kiwanda wala msambazaji. Kwa kazi iliyofuata, taa ya Firefly, walishirikiana na MTTS kama kiwanda na shirika la East Meets West la kuisambaza.

Sasa tujiangalie. Kiwanda cha ng'ambo kikitafuta wakala, kinatazama ramani na kuona Kongo moja, mji mkuu Kinshasa. Kikimpa mtu wa Kinshasa nchi nzima, sisi tumefungiwa mlango: hakuna barabara nzuri kutoka kule, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025. Mizigo yetu hupita Mombasa au Dar es Salaam. Kwa hiyo mkataba unaotufaa ni ule unaoiweka Kivu na Ituri chini ya msambazaji wa Nairobi au Kampala, karatasi za ACOREP zikiwa tayari kabla ya duwane.

Lakini msambazaji naye atauliza: mnanunua ngapi kwa mwaka? Hospitali inayoagiza taa moja leo na nyingine baada ya miaka minne haimleti mtu. Bukavu kuna DCMP ya 8e CEPAC, Goma kuna ASRAMES. Zote zimezoea kuagiza dawa kwa ajili ya vituo vingi pamoja. Tunaona maombi ya mashine yangepitia huko, pamoja na mipira ya puani inayoisha kila mwezi.

Na zawadi? Tuseme bila kuogopa kuwaudhi marafiki: kila kontena la mashine za aina mchanganyiko linamwondolea msambazaji mteja, nasi linatuachia kitenge kingine. Kabla ya kupokea lijalo, daktari mkuu aandike kwanza kuuliza fundi wa karibu wa aina hiyo anakaa mji gani.