Mpaka Ipande Ndege

Juzi redioni, prodyuza mmoja mwenye jina lake hapa mjini aliulizwa kama yuko tayari kutengeneza singeli. Akacheka. Kisha akasema singeli si muziki, ni fujo, na mtu anayeheshimu kazi yake hawezi kuipotezea muda. Mtangazaji naye akacheka, wakaingia matangazo. Mimi nimekwama kwenye foleni ya Ubungo, sikuona cha kuchekesha.

Maana mtu huyohuyo biti zake za siku hizi hazikosi logi dramu, ile besi ya amapiano. Amapiano imezaliwa vitongojini Johannesburg na Pretoria, kwa vijana waliokuwa wakirekodi majumbani kwao. Ikatua Dar, kila studio ikaipokea kwa mikono miwili. Singeli imetoka Manzese, Tandale na Mburahati, nauli ya daladala tu, basi hiyo ni fujo! Sauti ikija kwa ndege ni sanaa, ikija kwa daladala ni uhuni.

Hivi hao wanaoidharau wamewahi kukaa wakaisikiliza inavyosukwa? Kijana anachukua kipande cha kinanda cha taarab, sekunde chache tu, anakizungusha, anapandisha kasi mpaka midundo 200 na ushee kwa dakika. Kinanda kilichokuwa kikilia taratibu sasa kinakuwa kama ngoma. Juu yake MC anaghani hata mate hamezi, na ukimsikiliza vizuri hatoki nje ya mdundo hata kidogo. Mpe huyo prodyuza wa redioni kazi hiyo aifanye mchana mmoja, tuone.

Ikabidi lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ndiyo iingie Mburahati, iwakute vijana wa Sisso Studios, itoe albamu ya Sounds of Sisso mwaka 2017. Vijana wakaitwa Ulaya kupiga. Hapo ndipo wakubwa wetu wakaanza kusema, "Kumbe." Imepanda ndege, imerudi, sasa ina adabu. Mchiriku nao, muziki mwingine wa mitaa hiyohiyo, pamoja na vile vinanda vyake vidogo vya Casio, tuliuacha uswahilini mpaka Wabelgiji walipotoa albamu ya kundi la mchiriku la Jagwa Music mwaka 2012.

Wengine wananiambia tulinde ladha yetu. Ipi? Taarab ilikuja kwa meli kutoka Misri, dansi likaja ndani ya santuri za Kuba, na Bongo Fleva wazee waliiita uhuni wa Wamarekani. Ladha tunayoilinda leo ni biti moja inayozunguka studio zote, ukizima redio huku ukaiwasha kule wimbo unaendelea palepale. Tofauti ni jina la prodyuza, maana siku hizi analiita mwanzo, katikati na mwisho kama mpiga debe wa stendi. Msanii mwenyewe anasubiri zamu yake.

Imebaki hoja ya lugha chafu, na hii ndiyo inayonichosha kabisa. Matusi yamo kwenye singeli, sikatai. Kwenye Bongo Fleva yamo. Kwenye mipasho ya taarab ndiyo usiseme, na huko mnatunza hela. Lakini wewe ni prodyuza, bwana. Mashairi huandiki, unatengeneza biti, na biti haijawahi kumtukana mama wa mtu.