Gauni la Pinki, Mvua Mbili: Nchi Ambayo Chawa Wanavaa Gwanda

Wadau, leo tunaiacha Bongo kidogo, tunatua Bangkok. Majina sitaji, si mnajua utaratibu wetu hapa, ila hizi sio tetesi. Ni kesi zilizosomwa mahakamani na mambo yaliyoandikwa kila kona ya dunia.

Picha linaanza Oktoba 2020, barabara ya Silom. Vijana wanaandamana, lakini kwa swaga: wametandika zulia jekundu barabarani, wanafanya onyesho lao la mitindo. Anatokea binti wa miaka ishirini na kitu, kavaa gauni la pinki la hariri, mshono wa kitamaduni kabisa, pembeni kuna mtu anamshikia mwavuli. Watu wanakaa chini anapopita, kama wanavyokaa anapopita malkia. Vicheko, simu juu, mtandao ukawaka.

Septemba 2022 mahakama ikasema yule binti alikuwa anamkejeli malkia. Miaka mitatu, ikapunguzwa mpaka miwili. Utetezi wake ulikuwa mfupi: nilivaa nguo ya asili ya kwetu, basi. Na ni kweli hakutamka tusi lolote. Alitembea tu.

Sheria iliyomnasa ni kifungu cha 112. Ukimkashifu, ukimtukana au ukimtishia mfalme, malkia, mrithi wa kiti au kaimu wa mfalme, unakula kuanzia miaka 3 hadi 15. Sasa sikia hapo penye utamu (au uchungu, inategemea umekaa wapi): ni kwa kila kosa. Posti moja kosa moja. Posti kumi, piga hesabu mwenyewe. Ndio maana Januari 2021 mama mmoja wa miaka sitini na kitu, mtumishi wa serikali wa zamani, alipigwa miaka 87 kwa kushea sauti za mtu mwingine mtandaoni. Akakiri, wakampunguzia nusu. Nusu yenyewe ni miaka 43 na miezi 6! Kuna kijana mwingine wa kaskazini kule, muuza nguo mtandaoni kama nyie wengine mnaosoma hapa. Alipewa 28 kwa posti za Facebook, akakata rufaa. Januari 2024 rufaa ikarudi na 50. Na kuna aliyefungwa miaka miwili kwa kuuza kalenda zenye picha za bata wa njano. Bata, jamani.

Najua kuna mtu hapo anasema hayo ni ya Wathai, sisi yanatuhusu nini. Wewe unayekwenda Bangkok kufuata mzigo, yanakuhusu. Mwaka 2011 walimkamata raia wa Marekani mwenye asili ya Thailand aliyekuwa amerudi nyumbani. Kosa lake? Akiwa huko huko Marekani alitafsiri vipande vya kitabu kinachomhusu mfalme akaviweka kwenye blogu yake. Alifungwa, akatoka mwaka uliofuata kwa msamaha wa mfalme mwenyewe.

Haya, sasa tuje kwa chawa, maana hapa ndipo niliponyanyuka kwenye kiti.

Chawa tunawajua. Bosi akikohoa, wao wanaandika "kikohozi cha viwango". Ila chawa wetu anatafuta hela ya bando na safari ya Dubai. Thailand wana chawa wenye gwanda. Mapema 2020 mbunge mmoja wa upinzani alisimama bungeni akamwaga mchele: jeshi lina watu wanaoendesha akaunti feki za kusifia serikali na kushambulia wakosoaji. Jeshi likakana. Oktoba mwaka huo huo Twitter ikafuta akaunti 926, ikasema inao ushahidi kuwa zinahusiana na jeshi la nchi kavu la Thailand. Jeshi likakana tena. Machi 2021 zamu ya Facebook: akaunti, kurasa na magrupu 185 chini, mengi yakilenga watu wa mikoa ya kusini yenye Waislamu wengi, na uchunguzi wao ukaishia kwenye idara ya jeshi ya usalama wa ndani.

Kichekesho ni kwamba zile 926 zilikuwa hazina mvuto hata kidogo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizichambua wakazipa jina ambalo kwetu lingekuwa ushangiliaji usio na mashabiki. Wafuasi hawana, laiki hazipo, wanajijibu wenyewe kwa wenyewe. Hebu vuta picha askari kamili, ana kombati na mshahara, amekaa anaandika "jeshi letu linapendeza", na mtu pekee aliyelaiki ni askari wa dawati la pili.

Watu wengi hucheka hapo wakaishia hapo. Mimi sikubaliani nao. Chawa wa aina hii hahitaji kupendwa, kwa sababu nyuma yake kuna kile kifungu. Kule mtu yeyote anaweza kumshtaki mtu yeyote kwa 112, si lazima uwe polisi wala ndugu wa mfalme. Jirani mliyegombana naye anaweza. Mwaka 2014 lilianzishwa kundi la wapenda ufalme likajiita la kukusanya takataka, na takataka zenyewe ni watu: wanasaka posti, wanapiga skrinishoti, wanapeleka polisi. Kwa hiyo akaunti feki ikikutokea kwenye komenti ikasema "wewe humpendi mfalme", hilo sio povu la kawaida la mtandaoni. Unafuta posti, unafunga akaunti, unalala na viatu.

Na sifa zenyewe zinapoteza maana. Wapo Wathai wanaoupenda ufalme kwa dhati, tusidanganyane. Mfalme wa zamani alipofariki Oktoba 2016 baada ya miaka 70 kwenye kiti, watu walilia barabarani, wakavaa nyeusi kwa miezi. Mimi naamini machozi mengi yale yalikuwa ya kweli. Lakini nitayatofautishaje na ya woga, wakati asiyelia anaweza kuripotiwa? Mwenye mapenzi ya kweli ameibiwa namna ya kuyaonyesha. Akisifia leo, tunauliza analipwa na nani.

Kibaya zaidi, huyo huyo mfalme wa zamani, kwenye hotuba ya siku yake ya kuzaliwa mwaka 2005, alisema mwenyewe kwamba mfalme naye hukosea na anaweza kukosolewa. Bosi kasema nikosoeni, chawa wanajibu hapana mkuu, hatuwezi kukubali utukanwe. Sheria haikuguswa. Na waliojaribu kuigusa mnajua yaliyowakuta? Chama kilichoongoza kwenye uchaguzi wa 2023 kwa viti 151 kiliahidi kurekebisha hicho kifungu. Hawakusema kuondoa ufalme, walisema kurekebisha sheria. Agosti 2024 mahakama ya katiba ikakifuta chama, viongozi wakafungiwa siasa miaka 10.

Mtu ataniambia heshima kwa wakubwa ni utamaduni, hata sisi tunasema shikamoo. Sawa kabisa. Ila sijawahi kuona babu anampeleka mjukuu jela miaka 50 kwa kutosema shikamoo. Uingereza wana mfalme, wanamchora katuni kila wiki, na kesho yake watu wale wale wanajazana barabarani kumpungia mkono.

Vijana wa Thailand wenyewe hawakukaa kinyonge. Agosti 2020 serikali iliibana Facebook mpaka ikazuia ndani ya nchi grupu moja la kujadili ufalme, lenye watu zaidi ya milioni moja. Mwanzilishi wake, mhadhiri anayeishi uhamishoni Japan, akafungua jipya usiku ule ule, na mamia ya maelfu wakahamia ndani ya siku moja. Kwa majina yao na picha zao za profaili, wakijua kabisa kuna mtu anapiga skrinishoti.

Mimi hapa, niliyekaa Sinza na chai yangu, nimeandika posti hii nikafuta mstari mmoja kuhusu mfalme wa sasa. Nina rafiki anasafiri kwenda Bangkok mwezi ujao, na kwenye simu yake blogu hii ndiyo ya kwanza kufunguka.