Hewa ya Mirihi na Mwenye Kuishika

Yako maneno yasemwayo sana siku hizi na matajiri wa Marekani wenye viwanda vya roketi, kwamba haitapita miaka mingi binadamu atahamia sayari nyingine. Mwaka 2016, mkutanoni Guadalajara katika nchi ya Mexico, Elon Musk alieleza mpango wa kujenga Mirihi mji wa watu milioni moja. Baadhi ya ndugu zetu hucheka wasikiapo hayo. Wengine huyaamini kama waaminivyo tangazo la sabuni. Yafaa kwanza tupime.

Sayari nyingi hazituchukulii muda. Mchana wa Utaridi joto hufika digrii 430 za sentigredi, na usiku baridi hushuka mpaka digrii 180 chini ya sifuri. Zuhura ina joto la kuyeyusha risasi, usiku na mchana, na hewa yake hukandamiza mara tisini kuliko yetu. Chombo cha Umoja wa Kisovieti, Venera 13, kilitua huko mwaka 1982 kikadumu dakika 127 tu. Mshtarii na Zohali hazina hata ardhi ya kukanyaga. Imebaki Mirihi.

Nayo kwa kuitazama juu juu yavutia. Siku yake yapita saa 24 kwa dakika 40 hivi, ina majira, ina barafu katika ncha zake. Lakini hewa yake haifiki sehemu moja katika mia ya uzito wa hewa yetu, na hiyo kidogo karibu yote ni kabonidioksaidi. Atokaye nje pasipo vazi maalumu atazimia katika muda wa sekunde chache. Baridi kwa wastani ni digrii 60 chini ya sifuri. Udongo una chumvi ya sumu iitwayo perklorati, hata mkulima asiweze kupanda mbegu asiuoshe kwanza. Isitoshe kuna mionzi. Chombo Curiosity kiliipima njiani mwaka 2011 na 2012, ikaonekana kwamba kwenda na kurudi tu kungempa msafiri milisiverti 660 hivi. Kipimo kinachopendekezwa kwa mfanyakazi wa mitambo ya nyuklia ni wastani wa 20 kwa mwaka.

Wataalamu hawakukaa bure. Mwaka 2021 chombo Perseverance kilishuka Mirihi kikiwa na mtambo mdogo, MOXIE, wa kutoa oksijeni katika ile hewa mbovu. Ulifanya kazi mara 16 hata mwaka 2023, ukatoa gramu 122. Ni ushindi wa maarifa, nasi hatuwanyimi hongera. Ila mtu mmoja hutumia gramu 840 hivi kwa siku. Basi mavuno yote ya mtambo ule yangemtosha mtu huyo saa tatu na nusu.

Hata hivyo jaribio lenye mafunzo zaidi halikufanyika mbinguni. Lilifanyika Arizona. Septemba 1991 watu wanane, wanaume wanne na wanawake wanne, walifungiwa katika jumba la vioo la ekari tatu, Biosphere 2, lenye mashamba, mbuzi, kuku, msitu na hata bahari ndogo, wakae miaka miwili wakila walichopanda na kuvuta hewa ya mimea yao. Fedha hazikukosekana, maana tajiri wa mafuta wa Texas alizitoa. Wakaona njaa, wakakonda. Kisha hewa yenyewe ikaanza kupungua: oksijeni ilishuka kutoka sehemu 21 katika mia mpaka 14 na nusu katika miezi 16, wakawa wanahema kama watu walio juu mlimani. Ilikuja kujulikana kwamba vijidudu vya udongo uliojaa mbolea vilikuwa vikiila oksijeni na kutoa kabonidioksaidi, nayo saruji ya jengo ikainyonya hiyo isiirudie mimea. Wataalamu wote wale, na saruji ikawashinda! Januari 1993 ililazimu oksijeni iletwe kutoka nje.

Arizona iliweza kuletwa. Kwenda Mirihi roketi hupata nafasi njema ya kuondoka mara moja tu kila miezi 26, na safari ni ya miezi sita na zaidi.

Basi rai yetu ni kwamba binadamu aweza kukaa Mirihi kwa namna mzamiaji akaavyo chini ya maji, maadamu mpira wa hewa haujakatika. Na kwetu wafanyakazi swali kubwa ni nani aliyeushika mpira huo. Januari 2020 Musk huyo huyo alisema wasio na nauli watakopeshwa, na kwamba kazi zitakuwa nyingi huko. Wazee wetu waliokwenda kukata mkonge kama manamba watauelewa mpango huo bila mkalimani. Lakini manamba alipochoshwa na nyapara aliweza kutoroka usiku kwa miguu. Atakayegoma Mirihi atakimbilia wapi, hali tajiri ndiye afunguaye na kufunga bomba?

Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 wakataza taifa lolote kujitwalia sayari, na waiwajibisha kila serikali kwa matendo ya makampuni yake huko. Lakini mwaka 2015 Marekani ilipitisha sheria ya kuwaruhusu raia wake kumiliki madini watakayochimba angani, na mwaka 2020 masharti ya Starlink, shirika la Musk, yalionekana yakisema kwamba hakuna serikali ya duniani yenye mamlaka juu ya Mirihi. Ujira, saa za kazi na haki ya mfanyakazi kurudi kwao akimaliza muda wake, mkataba ule haukuvitaja. Mabaharia walikwisha kupata haki kama hiyo Geneva mwaka 1926, kwamba aachwaye ugenini pasipo kosa lake asitozwe gharama za kurudishwa. Vyama vya wafanyakazi na vidai sharti la namna hiyo kwa safari za angani sasa, kabla nauli ya kwanza haijakopeshwa.