Neno letu lina viza, sisi hatuna

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo hakuna mpaka unaolisimamisha. Limeandikwa kwenye milango ya magari ya watalii huko Livingstone, kwenye vibao vya Kasane na Maun, na kwenye vitabu vya picha vinavyouzwa Johannesburg. Neno hilo ni safari. Waingereza walilichukua katika karne ya 19, wakati wa misafara ya bara, na mdomoni mwao likabadilika. Kwetu, anayekwenda Likasi kumzika mjomba yuko safarini. Anayekwenda Kolwezi kutafuta kazi yuko safarini. Kule Kivu kuna watu wengi wanaoitwa Musafiri, na hakuna anayedhani kwamba wazazi wao walikuwa wakitafuta simba. Kwa Waingereza, na sasa kwa dunia nzima, safari ni kwenda kuangalia wanyama.

Silaumu neno. Maneno husafiri na hubadilika, tumefundishwa hivyo tangu mwaka wa kwanza, na sisi wenyewe tulilipata kwa Waarabu. Ninacholalamikia ni kwamba pamoja na maana mpya ilikuja picha ya msafiri mmoja tu wa kusini mwa Afrika, yule mwenye kofia na darubini. Tafuta maelezo ya safari za Zambia, Zimbabwe, Botswana au Afrika Kusini: utapata kurasa nyingi kuhusu chui juu ya mti na machweo ya mto Chobe. Kuhusu mama wa Lubumbashi anayelala ndani ya basi usiku baada ya usiku akielekea Johannesburg kununua nguo, utapata machache sana. Nami nadai kwamba huyu wa pili ndiye anayepaswa kuishughulisha fakilte ya lugha, kwa sababu yeye hawezi kumaliza siku moja bila lugha, na wa kwanza anaweza kumaliza mwezi.

Hebu tumtazame kwanza huyo mwenye darubini. Safari yake imepangwa ili asihitaji lugha ya mtu yeyote. Anapokelewa na msemaji wa Kiingereza, anapandishwa gari na msemaji wa Kiingereza, anaonyeshwa mnyama na kutajiwa jina la Kiingereza. Kiongozi akiwa hodari, anaongeza la Kilatini. Jina la Kilozi, la Kitswana au la Kitsonga hutajwa mara moja, kwa kicheko, kama mtu anavyoonja chumvi. Jioni atakula ndani ya ua ambao hoteli nyingi za porini kule kusini huuita boma. Ni neno letu lingine, limewekwa pale kama pambo.

Majina ya wenyeji yapo, lakini hakuna anayeyasoma. Katika Hifadhi ya Kruger, yenye karibu kilomita za mraba 20,000, kambi kuu inaitwa Skukuza. Hilo ni jina ambalo wenyeji wasemaji wa Kitsonga walimpa James Stevenson-Hamilton, msimamizi aliyeanza kazi mwaka 1902, na hufasiriwa kuwa yule anayefagia. Miongoni mwa alivyovifagia walikuwa watu: aliwahamisha wakazi ili ardhi ibaki ya wanyama. Hifadhi ya taifa ilitangazwa rasmi 1926. Mwaka 1969 zamu ikawafikia Wamakuleke wa Pafuri, watu wapatao 3,000, na ardhi yao hawakurudishiwa hadi 1998. Mtalii analala Skukuza, ananunua fulana yenye maandishi Skukuza, anarudi kwao bila kujua kwamba kifuani amebeba kumbukumbu ya waliofukuzwa.

Maporomoko ya Zambezi nayo ni hivyo hivyo. David Livingstone alipofikishwa pale mwaka 1855, Wakololo waliokuwa naye walikuwa na jina tayari: Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Watonga walikuwa na lao, Shungu Namutitima. Yeye akaweka la malkia wake. Sisi hatuhitaji kamusi kuusikia moshi ndani ya mosi. Mtalii hana bahati hiyo, na hakuna anayemwambia kwamba jina ni sentensi iliyosemwa na mtu aliyesimama mbali akaona, kisha akasikia.

Sasa tutoke porini tushike barabara. Njia ya watu wetu inaanzia Kasumbalesa, inapita Chingola, Kitwe na Ndola, inafika Kapiri Mposhi, kisha Lusaka. Kutoka hapo wengine hushuka Chirundu waende Harare na Beitbridge, wengine hupita Livingstone na daraja la Kazungula lililofunguliwa 2021, waingie Botswana. Nimeipita mara mbili nikimsindikiza mama yangu mdogo, mfanyabiashara wa nguo. Mama mdogo hana kiongozi wa kumtafsiria. Ana daftari la hesabu: upande wa kushoto bei, upande wa kulia maneno. Mwapoleni mukwai. Dumela mma. Sawubona. Pembeni ya kila salamu ameandika ni ya nani: ya mzee, ya dereva, ya askari, ya mwenye duka.

Siku moja nilimwonyesha jinsi neno njia linavyobadilika barabarani. Wabemba wanasema inshila, Washona nzira, Watswana tsela, Wazulu indlela. Kwangu ilikuwa mada ya isimu linganishi, mzizi mmoja na sheria za sauti. Mama mdogo, ambaye aliacha shule mapema, hakushangaa hata kidogo. Alisema: “Ni neno moja tu, mu kila muji inavala manguo yake.” Sijasikia maelezo mafupi zaidi ya somo ambalo sisi tunalipigania kwa muhula mzima.

Anajua mengine pia ambayo vitabu vyetu hutaja kwa haraka. Anajua kwamba Kitwe mkubwa husemeshwa kwa wingi, na kwamba ukimsemesha kwa umoja, bei inapanda. Jambo hilo halimshangazi mtu wa Lubumbashi, kwa kuwa nasi tunaweka “ba” mbele ya baba na mama za watu. Reli iliyotoka kusini ilifika mji wetu mwaka 1910, na pamoja nayo wakaja wafanyakazi waliotuachia sehemu ya namna hii ya kusema. Anajua kwamba bukari yetu inakuwa nshima akivuka mpaka, sadza akifika Harare, na pap akifika Johannesburg, na kwamba anayeiomba kwa jina la pale hupewa kipande kikubwa. Anajua hata lugha isiyo na sauti: ukisimama kando ya barabara Johannesburg ukainua kidole kimoja juu, dereva wa teksi ya watu wengi anaelewa kwamba unaenda katikati ya mji; ukikielekeza chini, unaenda karibu. Ni ishara zenye umbo na maana, zinazojulikana na mamilioni ya wasafiri. Mtalii anapita ndani ya gari lenye vioo vyeusi na kuona watu wanaonyoosha mikono.

Lakini nisiipake rangi nzuri safari ya mjini. Lugha inayomfungulia mama mdogo mlango ndiyo inayoweza kumfungia. Afrika Kusini mgeni Mwafrika huitwa makwerekwere. Phaswane Mpe, katika riwaya yake ya mwaka 2001 kuhusu Hillbrow, alieleza asili ya neno hilo: ni mwigo wa sauti, kwere-kwere, jinsi lugha ya mgeni inavyosikika kwa asiyeielewa. Wagiriki wa kale walifanya hivyo hivyo na neno lao la kuwaita wasiosema Kigiriki. Yaani mtu wetu anayefika Yeoville hatukanwi kwanza kwa rangi wala kwa dini. Anatukanwa kwa fonolojia yake.

Mwezi Mei 2008 tusi hilo likawa damu. Watu 62 waliuawa. Iliripotiwa kwamba watu walisimamishwa na kuulizwa kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu. Jibu ni indololwane, neno ambalo mgeni hana sababu ya kulijua, maana nani hununua au kuuza kiwiko? Biblia inasimulia mtihani kama huo kwenye vivuko vya Yordani, na sisi huusoma kama kisa cha zamani. Kati ya wale 62, raia 21 walikuwa wa Afrika Kusini yenyewe. Wasemaji wa Kitsonga na Kivenda walikuwa miongoni mwa walioshukiwa kuwa wageni katika nchi yao. Kitsonga ni lugha ileile ya kibao cha Skukuza. Porini inauzwa kwenye fulana. Mjini iliweza kukuponza.

Kabla hatujawanyooshea kidole watu wa Johannesburg, tukumbuke mji wetu. Miaka ya 1992 na 1993, hapa Katanga, watu wenye asili ya Kasai waliitwa bilulu, wadudu, na wengi wao wakapakiwa kwenye treni wakiwa na mizigo waliyoweza kubeba. Walikuwa wakisema Kiswahili kama sisi, baadhi yao walizaliwa hapa. Neno lilitangulia, watu wakafuata. Kwa hiyo mwanafunzi wa lugha anayesoma habari za makwerekwere asizisome kama mambo ya wengine.

Wakubwa wetu wa siasa wana jibu lao. Kongo imo katika SADC tangu 1997, na mwezi Agosti 2019, kwenye mkutano wa Dar es Salaam, Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo. Nilifurahi kama kila mtu wa fakilte hii. Lakini mara mbili nilizopita njia ile baada ya hapo, sikuona dirisha hata moja la mpakani kusini mwa Kasumbalesa ambako mama mdogo angeweza kujaza karatasi kwa Kiswahili. Kusema kweli, sidhani kwamba tiba ni kuwalazimisha askari wa Beitbridge wajifunze lugha yetu. Anayesafiri ndiye mwenye haja, na mwenye haja huinama. Tiba ni sisi kujifunza zao.

Najua nitakachojibiwa. Utalii unalisha familia nyingi kule kusini, na bila fedha za watalii baadhi ya hifadhi zingekuwa mashamba. Nakubali. Wala sina ugomvi na kiongozi wa watalii. Wengi wao husema lugha nne au tano na kulipwa kwa moja. Wao pia ningependa kuwasikia, siku wasiyokuwa na mgeni mgongoni. Nitajibiwa pia kwamba maneno ya daftari la sokoni si elimu, ni ujanja wa biashara. Hapo sikubali. Anayejua ni nani wa kusemeshwa kwa wingi, mahali gani, na nini kitatokea ukikosea, anajua pragmatiki. Tofauti yake nasi ni kwamba yeye akishindwa mtihani anapoteza mzigo.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na yote yako ndani ya uwezo wetu. Kwanza, Kibemba kifundishwe hapa kama lugha ya kusema, si kama orodha ya ngeli tu. Wasemaji wake tunao katika mitaa yetu, hakuna haja ya kumtafuta mtaalamu mbali. Kikifanikiwa, kifuate Kizulu. Pili, kila mwanafunzi anayetafuta mada ya kazi ya mwisho afikirie kumrekodi msafiri mmoja: mama wa nguo, dereva wa gari kubwa, kijana aliyerudi kutoka Yeoville. Aulize walisemaje, walisemeshwaje, wapi walinyamaza na kwa nini. Rekodi hizo zikiwekwa pamoja kwa miaka mitano, tutakuwa na maktaba ya safari ambayo hakuna hoteli ya porini inaweza kuiandika. Tatu, katika kurasa za jarida hili tulitumie neno safari kwa maana yake kamili. Tukiandika “safari za kusini mwa Afrika”, mama wa basi awe ndani ya neno hilo, na mtalii akaribishwe pembeni yake.

Mabasi ya kusini huondoka mapema, na abiria hufika saa nyingi kabla ili kupanga mizigo. Wakati huo hawana la kufanya isipokuwa kuzungumza. Simu zetu zote zinaweza kunasa sauti. Tuombe ruhusa, tukae nao juu ya mizigo, tuanze kuuliza.