Wakubwa Wanagombea Njia ya Nakuru

Wapo wapendao kuulizana barazani: lau Mjerumani angalishinda vita vya 1914–1918, njia ya Uganda ingalikuwa ya nani? Swali tamu, lakini ushindani wenyewe hauhitaji kubuniwa. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896, ikapita Nakuru na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901, Mwingereza hakuijenga kwa kutupenda. Alichelea wenzake wa Ulaya wasimtangulie kwenye chanzo cha Mto Nile.

Siku hizi wanagombea barabara. Mwaka 2020, mjini Paris, kampuni za Kifaransa zikiongozwa na Vinci zilitia saini kuipanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit, kupitia Nakuru, kisha ziwatoze wapitao. Mkataba ukalaumiwa: ada kubwa, na magari yakipungua hasara ibebwe na serikali. Mwaka 2025 ukavunjwa. Novemba mwaka huohuo Rais Ruto akaizindua kazi hiyohiyo, safari hii kwa Wachina: CRBC, ikishirikiana na NSSF ya Kenya, na Shandong Hi-Speed.

NSSF, msomaji, ni akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, wa bandarini Kilindini wakiwamo. Tena malori yanayotoka Kilindini kwenda Malaba hupita hapohapo. Ada atailipa mwenye lori, naye ataitia katika gharama ya mzigo.

Mfaransa angetoza, na Mchina atatoza. Mimi bendera ya mjenzi hainishughulishi. Nauliza kilomita moja ni shilingi ngapi, kwa miaka mingapi, na magari yakipungua nani atafidia.