Unataka Kujitengenezea Mzinga wa Baruti? Soma Hii Kwanza

Umewahi kupatana na zile video za wazee wa Marekani wakilipua vimizinga nyuma ya nyumba? Zii, si mzinga wa keroro. Hapa ni kabomba kafupi ka chuma, mdomo umeangalia juu. Buda anamwaga baruti nyeusi ndani, anaweka mpira wa gofu, anawasha utambi, anahepa. BOOM! Mpira unapotelea mawinguni, wasee wanacheka, likes zinamiminika.

Halafu Desemba ikikaribia, hukosi msee mtaani wa kusema, "Hiyo hata mimi naeza jitengenezea, manze." Hapo ndio tuongee.

Kwanza, usidanganywe na video. Hao wazee wa Marekani sheria yao inawakubalia kuweka baruti nyeusi hadi pauni 50, yaani karibu kilo 23, bila leseni. Lakini lazima iwe ya kutoka kiwandani, na iwe ya kutumia kwa silaha za mtindo wa zamani, kwa michezo au sherehe. Msamaha huo hautaji vitu umekoroga jikoni kwa sufuria ya mathee.

Huku kwetu ni stori tofauti kabisa. Kenya ina Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Baruti imo ndani, fataki pia zimo. Kutengeneza bila leseni ni kosa, na hata hizo fataki za Mwaka Mpya unaonanga hotelini zinahitaji kibali. Kwa hivyo siku karao atakupata na hako kabomba na mkebe wa unga mweusi, usitarajie neno "hobi" likusaidie.

Na angalia venye nchi imekaa saa hii. Julai 19, 2025, mwanaharakati Boniface Mwangi alishikwa nyumbani kwake Lukenya. Mwanzo polisi walitaja mambo ya ugaidi. Siku mbili baadaye akapelekwa korti ya Kahawa, na mashtaka yakageuka kuwa ya kupatikana na risasi kinyume cha sheria: mikebe ya vitoa machozi na risasi moja ya mazoezi, ile hupiga kelele tu. Alikana, akaachiliwa kwa bondi yake mwenyewe ya shilingi milioni 1. Sasa fikiria. Huyo ni msee anajulikana dunia nzima, mawakili wako mlangoni. Wewe kijana wa ploti, na bomba ulilochomelea mwenyewe, nani atakusimamia? Mwaka huo huo vijana kibao walioshikwa kwa maandamano walipelekwa Kahawa na mashtaka ya ugaidi. Hicho ndicho kipimo kinatumika siku hizi, upende usipende.

Sasa leta hiyo mambo Kamere. Upande mmoja ni Ziwa Naivasha, upande mwingine Hell's Gate, na nyuma huko ni Olkaria, penye stima nyingi ya nchi hii hutoka. Mvuke wa ardhini huleta karibu asilimia 40 ya umeme wa Kenya. Ukilipua kitu hapo usiku, askari wa KWS watafikiria ni jangili, walinzi wa mitambo watafikiria ni shambulizi, na msee wa maua aliyetoka shifti atafikiria ni bunduki. Ni nani kati yao atafikiria wewe unajibamba tu?

Na hatujafika kwa mikono. Baruti ya kujikorogea haina kipimo. Cheche moja ndogo inatosha, hata kabla hujaiweka kwa bomba. Na bomba la chuma likipasuka linageuka vipande vya kuruka, na wa kwanza kuvipokea ni wewe uliyeinama kuwasha, pamoja na watoto waliosimama kando kutazama. Vidole na macho havina spea.

Tunajua mbona hii kitu inavutia. Vijana wa Vasha wanapenda kuunda vitu, na huko si makosa. Lakini kuna njia ya kurusha kitu juu bila kulala ndani. Chukua chupa ya soda ya plastiki, weka maji kiasi, ziba na kizibo chenye valvu, pampu na pampu ya baiskeli. Hewa ikijaa, inachomoka na maji nyuma yake kama roketi. Simama mbali, usiinamie. Enda nayo uwanjani, shindaneni nani ataenda juu zaidi, na mtoe video zenu.

Wewe unaonaje? Sheria inabana vijana sana, ama kwa hii iko sawa? Dondosha maoni yako hapo chini.